Daftari la jumuiya liko kwangu, na mzee wa watu alizikwa bila misa

BARUA

Shangazi shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, naishi Bagamoyo huku Ukuni. Tulikuja na mume wangu mwaka 2011 kwa ajili ya kazi yake, tukapapenda tukajenga. Kwetu ni bara. Naomba usitaje jina langu wala la jumuiya yetu maana mji wenyewe mdogo huu, ukikohoa Magomeni unapewa pole Dunda.

Mimi ni katibu wa jumuiya, mwaka wa tano sasa. Sisi Wakatoliki tunasali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tuko familia 24. Daftari la mahudhurio nashika mimi, aliyekuja namwekea vema kwa kalamu ya bluu, asiyekuja kosa kwa kalamu nyekundu, na michango naandika nyuma.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja nimwite Mzee Mlinzi, maana ndo kazi aliyokuwa anafanya, alikuwa analinda usiku kwenye hoteli moja ya ufukweni. Kwenye daftari langu huyu mzee ni nyekundu toka juu mpaka chini. Mkewe anauza vitumbua, na yeye nyekundu, labda vema tatu nne kwa mwaka. Jumapili walikuwa wanakuja misa ya kwanza, mzee anakaa benchi la mwisho pale mlangoni na mabuti yake ya kazi miguuni, padre akianza kuhubiri na yeye anaanza kusinzia, watoto wanacheka. Ila jumuiya hapana. Na kikao chetu kilishapitisha tangu mwaka juzi kwamba asiyeonekana miezi sita bila taarifa hapewi barua ya jumuiya, iwe ya ubatizo iwe ya ndoa iwe ya msiba.

Mwezi wa tisa mzee akafa ghafla, presha, siku ya Jumatano. Alhamisi asubuhi mwenyekiti akaniita tuandike barua ya parokiani, akasema katibu wewe andika daftari linavyosema basi. Nikaandika "Marehemu hakuwa mshiriki hai wa jumuiya yetu". Nikasaini. Kiukweli moyo ulisita lakini nikajiambia ni kwa ajili ya umoja, kanuni ikivunjwa kwa mmoja kesho kila mtu atataka yake.

Basi misa haikuwepo. Akaja katekista makaburini akaongoza sala dakika kama ishirini hivi, hakuna kwaya hakuna nini. Waliojaa pale ni majirani Waislamu, vijana wa mtaani ndo walichimba kaburi na wao ndo walibeba jeneza. Mzee mmoja wa kanzu na kofia akanisogelea akaniuliza taratibu tu wala bila ubaya, "Mama, mbona wenzenu hawajafika?" Nikamjibu wako njiani. Shangazi, hakuna aliyekuwa njiani.

Baada ya hapo jumuiya ikachafuka. Kuna mama mmoja, nimwite Mama P, rafiki wa mjane, alisimama siku ya kikao akasema yeye hawezi kusali na watu waliomzika mtu kama mbwa. Wakaondoka nae familia 11. Wana grupu lao la WhatsApp, wanasali Jumapili saa kumi jioni nyumbani kwa mjane, na cha ajabu hata yule nesi na yule kijana wa bodaboda ambao kwetu nilikuwa nawaona kwa nadra kule hawakosi. Mwezi huu wa Rozari ndo aibu tupu, tunasali jioni mtaa mmoja nyumba ya tatu kutoka kwao, sisi tuko tendo la pili wao wako la tatu, tunasikizana, kila upande unapandisha sauti.

Sasa kinachoninyima usingizi hakijulikani na mtu isipokuwa mume wangu. Wiki moja baada ya mazishi simu yangu ilikuwa imejaa nikawa nafuta meseji za zamani za kutumiwa hela. Nikakuta jina la mzee. Mwezi wa tatu 2,000. Mwezi wa tano 2,000. Mwezi wa nane 2,000. Nikaishiwa nguvu nikakaa chini. Ile ya kwanza alinipigia kabisa, akasema mama katibu nimetuma ya jumuiya, mi Jumamosi natoka lindo nimechelewa, mwenzangu wa kunipokea anafika saa moja, niandikie. Nikamwambia sawa baba. Sikuandika. Hela zikachanganyika na za kwangu za biashara ya vitenge zikaenda.

Siku ile ya kikao kabla hawajatoka Mama P aliniuliza mbele ya wote, katibu, huyu mzee hajawahi kutoa hata mia? Nikaangalia daftari nikasema hakuna kilichoandikwa. Si uongo, hakuna kilichoandikwa. Nilinyamazia yale mengine kwa ajili ya umoja, nikaona nikisema hapa watu watashikana mashati.

Sasa upande wa Mama P wanataka niwape daftari na kibubu, kina shilingi 340,000, wanasema na wao walichangia. Mwenyekiti kasema nisithubutu, na kila kikao anasoma Yohana 17 pale Yesu anaposema wote wawe na umoja, akimaliza kusoma hakuna anayenyanyua mkono. Huyu mwenyekiti ndo baba wa ubatizo wa mwanangu wa mwisho, na mwaka ule mtoto alipoishiwa maji usiku ndo alitutafutia gari, siwezi kumgeuka. Mume wangu anasema nyamaza, mzee kashazikwa hafufuki, ukifungua mdomo utaua jumuiya nzima na jina la mwizi litakuwa lako. Paroko anakuja mwezi ujao kwenye sikukuu ya mtakatifu somo wa jumuiya na amesema anataka kukuta jumuiya moja.

Mimi nafikiria kujiuzulu kimyakimya kwa ajili ya umoja, nimwachie mwenyekiti daftari, tuhamie hata jumuiya nyingine. Je nitakuwa nimekosea? Au niseme? Na nikisema nianzie kwa nani? Nisaidie shangazi, nimechoka.

*Katibu, Bagamoyo*

JIBU LA SHANGAZI

Mwanangu, marahaba. Na Milele Amina, nimeitikia ingawa mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa kule Tanga na kwetu tumezoea Bwana Yesu Asifiwe. Nakwambia mapema ujue kwamba naitazama nyumba yenu kutokea uani. Ila usidhani nakuja kuwacheka, sisi tuna bahasha za sadaka zenye namba na hizo namba zimeshagombanisha watu wazima mpaka wakahama usharika.

Pole kwanza. Pole na ya yule mzee wa kofia makaburini, maana nadhani hiyo ndo imekuuma kuliko hata meseji. Ulimjibu wako njiani kwa sababu uliona haya kwa niaba ya jumuiya nzima.

Ngoja nikurudishie ulichoniandikia nione kama nimekuelewa. Kuna mtu amezikwa bila misa kwa barua uliyosaini wewe, kwa daftari uliloandika wewe, na baadae umegundua daftari lilikuwa na pengo na pengo lenyewe ni lako. Watu wamegawanyika wakidhani wanagombania kanuni, wewe peke yako ndo unajua kanuni yenyewe ilisimama juu ya kitu kisicho kamili. Unawapenda watu wa pande zote mbili. Na unatafuta njia ya kutoka ambayo haitamuumiza mtu. Ni hivyo?

Kama ni hivyo, nimeisoma barua yako mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, na kuna maneno nimeyapigia mstari. Umeandika "kwa ajili ya umoja" mara tatu. Ya kwanza uliposaini huku moyo unasita. Ya pili uliposema hakuna kilichoandikwa. Ya tatu ni hii ya kujiuzulu kimyakimya. Sikusuti mwanangu, nakuuliza tu kama mtu mzima mwenzangu: mara hizo mbili za mwanzo, baada ya kunyamaza, umoja uliongezeka au ulipungua? Maana mimi naona mara ya kwanza mlikuwa familia 24 na mara ya pili mkabaki 13.

Kuna kingine umekipita haraka sana sijui kama umekiona. Wewe akili yako yote iko kwenye elfu sita. Elfu sita ni hela, inalipika, hata kesho asubuhi. Lakini soma tena kanuni yenu ulivyoniandikia: asiyeonekana miezi sita *bila taarifa*. Na mzee alikupigia simu. Alikwambia anatoka lindo amechelewa kwa sababu mwenzake anafika saa moja. Hiyo ni taarifa, mama, na aliitoa kwa katibu wa jumuiya, sasa alitaka aipeleke kwa nani tena? Sisemi hivi kukuongezea mzigo. Nasema kwa sababu watu wako wanagombana kama kanuni ni mbaya au nzuri, wakati inawezekana kabisa mzee hakuivunja hiyo kanuni hata kidogo. Kwa mwenyekiti wako hili linaweza kuwa jepesi kumeza kuliko unavyodhani, hatakiwi kukana kanuni yake, anatakiwa akubali tu kwamba alipewa hesabu pungufu. Na linaweza pia likawa zito kwake, maana barua na yeye ndo aliagiza.

Kuhusu misa yenyewe, kamwulize padre mwenyewe ana kwa ana, usiishie kwenye maneno ya vikaoni. Sheria za Kanisa lenu za mwaka 1983, kanuni ya 1184, zinataja nani ananyimwa mazishi ya Kanisa: walioasi imani waziwazi, wazushi na waliojitenga, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu za kuipinga imani, na wadhambi wa wazi ambao kuzikwa kwao kungewakwaza waamini, na hata hao kama walionyesha dalili yoyote ya kutubu kabla ya kufa wanazikwa. Pakiwa na shaka anaulizwa askofu. Jumamosi asubuhi haimo mle. Lakini usiikimbize hiyo karatasi kwa mwenyekiti kama rungu, maana parokia nazo zina taratibu zao na zina sababu, padre mwenye waumini maelfu atamjuaje nani ni nani bila jumuiya kumwambia? Ndo maana barua yako ilikuwa na uzito. Maneno sita, "hakuwa mshiriki hai wa jumuiya yetu".

Sasa kidogo nikutoe kwenye daftari nikupeleke kwenye saa. Umeniambia mwenyewe mnasali Jumamosi saa kumi na mbili na nusu. Mlinzi anatoka saa moja. Mama wa vitumbua saa hiyo yuko na mafuta ya moto jikoni. Nesi wa zamu ya usiku ndo kwanza anakabidhi wodi. Bodaboda asubuhi ndo hela yake. Halafu grupu la kule likahamia Jumapili saa kumi jioni na ghafla nesi na bodaboda hawakosi. Wewe umeandika "cha ajabu". Mimi sioni ajabu. Nina wasiwasi kwamba kwenye zile familia 11 kuna waliotoka kwa hasira ya msiba na kuna ambao wamepata kwa mara ya kwanza saa inayowafaa, na wote mmewaweka kwenye kapu moja la waasi. Unaweza kuhesabu? Wewe ndo una daftari, chukua zile rangi nyekundu zote uandike pembeni kazi ya kila mtu. Usimwonyeshe mtu, angalia tu mwenyewe.

Hili wala si geni kwa Wakristo, soma Matendo ya Mitume sura ya 6. Kanisa lile la Yerusalemu ambalo tunapenda kusema walikuwa moyo mmoja na roho moja, ugomvi wao wa ndani tunaosimuliwa pale ulikuwa wa daftari hivi hivi, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa kwenye mgao wa kila siku. Kusahauliwa, sio kuchukiwa. Mitume hawakuwaambia wanaonung'unika kaeni kimya mnaharibu umoja. Waliwaambia watu wachague saba, na ukiyasoma yale majina, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao, yote ni ya Kiyunani, yaani inaelekea kazi ya kugawa walipewa watu wa upande uliokuwa unalalamika. Mimi hii huwa inanifurahisha kila nikiisoma. Fikiria kwenu daftari lingeshikwa na yule bodaboda.

Na Yohana 17 ya mwenyekiti, sina neno nayo, ni maneno matakatifu. Ila Yesu pale alikuwa anasali, alikuwa anamwomba Baba, usiku ule wa kukamatwa. Hakuwa anafunga kikao.

Lakini nisije nikakufanya umwone mwenyekiti ni adui. Kwa ulivyonieleza huyu ni mtu anayetoka kitandani usiku kutafutia mtoto wa mwenzake gari. Watu wa namna hiyo wakiwa wakali kwenye kanuni mara nyingi ni kwa sababu wameshachoka kubeba wenzao. Kila jumuiya ina familia ambayo huioni miaka mitatu halafu siku ya msiba inataka padre, kwaya, na viti. Nyie wa bara huko pwani hamna ukoo, jumuiya ndo shangazi, ndo mjomba, ndo wachimba kaburi. Hata mwanzo wa Wakristo hapo Bagamoyo ni hivyohivyo, mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanza misheni mwaka 1868 watu wao wa kwanza walikuwa waliokombolewa utumwani, wengi watoto, kila mmoja na kabila lake, hakuna ndugu wa kumzika mwenzie. Walizikana wao kwa wao. Na maaskofu wenu wa ukanda huu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976 wakazitilia mkazo hizi jumuiya ndogondogo, walitaka Kanisa liwe karibu na watu mtaani kwao. Mwenyekiti anaogopa hiyo kitu isife mikononi mwake. Mama P anaogopa imeshakufa. Nadhani wanaogopa kitu kimoja.

Halafu, si unapita mara nyingi pale misheni, kwenye ile barabara ya miembe? Ndani ya ule mnara wa kanisa la zamani, Februari 1874 ulilazwa mwili wa Livingstone, yule mmisionari msafiri, wamembeba watumishi wake akina Chuma na Susi miezi karibu tisa kutoka huko alikofia. Livingstone hakuwa Mkatoliki, alikuwa Mprotestanti kama mimi, na enzi zile Wakatoliki na Waprotestanti walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Mapadre wakampokea. Najua mgeni mkubwa wa Kizungu sio sawa na mlinzi wa hoteli, na labda hapo ndo pananiuma zaidi.

Haya, tuje kwenye njia zako, nizipime na wewe.

Kujiuzulu kimyakimya. Naelewa kwanini inavutia, unalala. Lakini daftari litabaki kwa mwenyekiti na lile pengo ndani yake, na wewe utaondoka na meseji tatu kwenye simu. Utahamia jumuiya nyingine, watakuuliza kwanini umehama, utasema kwa ajili ya umoja, itakuwa ya nne. Ila kama umechoka kweli mwili na roho, kupumzika ukatibu sio dhambi, naomba tu usichanganye kupumzika na kuficha.

Kusema mbele ya wote siku ya sikukuu, paroko akiwepo. Hii ina ushujaa lakini inanitisha. Mjane atalisikia la mumewe kwa mara ya kwanza kwenye spika, mwenyekiti ataumbuka mbele ya paroko, na Mama P atapata silaha. Watu waliokasirika ukiwapa ukweli ghafla wanauchukua kama jiwe.

Kuanza kwa paroko. Hapa una usiri, unaweza hata kumwambia kwenye kitubio, ingawa ukimwambia huko hawezi kulitumia popote kwa hiyo itabidi mje kuzungumza tena nje. Faida ni kwamba yeye ndo anaweza kutoa misa ya kumwombea mzee, na tarehe 2 Novemba, Marehemu Wote, hiyo inakuja. Hatari ni kwamba na yeye aliamua kwa kutegemea barua yako, anaweza kuona haya, anaweza akataka mambo yaishe haraka kabla ya sikukuu. Ameshasema anataka kukuta jumuiya moja. Ungemuuliza, baba, ukikuta mbili zinazosalimiana je? Jumuiya kubwa zinagawanywa mbona, kila siku. Kuna kugawanyika na kuna kugawana, na nyie familia 24 mwenye busara anaweza kuona asubuhi moja na jioni moja, somo mmoja, msiba mmoja. Au akaona hapana. Hilo ni lao na padre.

Kumwambia mwenyekiti kwanza. Ni baba wa ubatizo wa mwanao, heshima inataka asilisikie barabarani. Hatari unaijua, anaweza kukwambia nyamaza, na ukishaambiwa na yeye nyamaza kusema kutakuwa kugumu mara mbili. Anaweza pia kukutupia lote wewe. Kama unaenda kwake, nenda ukiwa umeshaamua utafanya nini akikataa.

Na kuna mjane. Naona barua yako ndefu yote mjane yupo kama mke wa marehemu, rafiki wa Mama P, mwenye nyumba wanaposali. Hujaniambia amesema nini. Hujaniambia kama umekanyaga kwake tangu mazishi. Je yeye anajua mumewe alikuwa anatuma? Inawezekana alijua siku zote, anakuangalia tu. Inawezekana hakujua, na kwamba mzee alikuwa anatoa elfu mbili kwenye mshahara wa mlinzi kwa ajili ya jumuiya ambayo haikumuona, hicho ni kitu kikubwa kwake kuliko hata misa. Hatari ya kuanza kwake ni kubwa pia sikufichi. Anaweza kukufukuza. Anaweza kupiga yowe, Mama P akalijua kabla jua halijazama na kufikia jioni wewe ni mwizi wa Ukuni nzima. Mumeo hapo hajakosea, jina litachafuka kwa muda, na watoto wako watasikia shuleni. Kaa nae mumeo mliongee hili kama la nyumba nzima, maana atalibeba na yeye. Ila muulize vizuri anaposema mzee hafufuki. Mzee sawa. Mkewe yuko hai na anakaanga vitumbua mtaa huohuo.

Daftari na kibubu, hapa nakuwa mkavu kidogo. Vyote si vyako, si vya mwenyekiti, si vya Mama P. Ukivitoa kwa upande mmoja umeshachagua upande hata kama hukutaka. Kuna viongozi wa kanda, kuna ofisi ya parokia, vinaweza kukaa huko kwa maandishi, hela zihesabiwe mbele ya watu wa pande zote na mtu asaini. Na kabla daftari halijatoka mkononi mwako, amua kama zile 2,000 tatu zitaingia kwa tarehe zake au hazitaingia. Ukiziingiza, andika na siku uliyoziandika, usifanye ionekane zilikuwepo siku zote. Kalamu ya rangi nyingine inafaa.

Sijakwambia uanze na nani, najua ndo ulichotaka. Wewe unawajua sura zao mimi sizijui, unajua mwenyekiti akikasirika anafoka au ananyamaza, unajua mjane anaanza kukoroga unga saa ngapi. Niandikie tena ukishaamua, hata ukiamua kusubiri kwanza.

Na simu ikikwambia imejaa, futa picha za vitenge. Hizo meseji tatu ziache hapohapo zilipo.

*Wako, Shangazi*